Rajat Neogy, mhariri wa Kampala aliyefungwa kwa sababu ya barua ya msomaji

Mkusanyaji wa majarida ya zamani anayepanga rafuni matoleo ya Transition, jarida la fasihi na siasa lililozaliwa Kampala, hukutana na jambo la kushangaza. Namba za matoleo hazina pengo. Baada ya toleo la 37 linafuata la 38, na baada ya la 50 linafuata la 51. Lakini akisoma mwaka na mahali lilipochapishwa kila moja, anagundua kwamba toleo la 37 lilitoka Kampala mwaka 1968, ilhali la 38 lilitoka Accra, Ghana, katikati ya mwaka 1971. La 51 lilitoka Marekani mwaka 1991, miaka kumi na mitano baada ya lile lililolitangulia kufungiwa mlango. Namba zimeungana, miaka imekatika. Ndani ya mkato ule wa kwanza limo gereza la Luzira, na aliyefungwa humo ni mwanzilishi wa jarida lenyewe, Rajat Neogy.

Neogy alizaliwa Kampala mwezi Desemba 1938, mtoto wa wazazi wenye asili ya Bengal, India. Alikulia katika mji ambao sheria na mazoea ya kikoloni yaliwatenga watu kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Alikwenda kusoma Uingereza, na aliporejea nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuta Afrika Mashariki yote ikisubiri kupandisha bendera mpya. Vijana wengi wa rika lake wenye elimu kama yake walitafuta kazi serikalini au katika biashara za familia. Yeye akaanzisha jarida.

Toleo la kwanza lilitoka Novemba 1961. Tanganyika ilikuwa imebakiza mwezi mmoja kupata uhuru, Uganda ilikuwa imebakiza karibu mwaka, na Kenya miaka miwili. Neogy alikuwa na umri wa miaka 22. Jina alilolichagua, lenye maana ya kipindi cha mpito, halikuhitaji maelezo kwa msomaji wa wakati ule. Wakoloni walikuwa wakifunga mizigo yao, na hakuna aliyejua kwa hakika nani angeruhusiwa kusema nini baada ya wao kuondoka.

Jarida hilo halikuwa la kwanza la aina yake barani. Huko Ibadan, Nigeria, Black Orpheus lilikuwa limekwisha kuanza tangu mwaka 1957, na lilifanya kazi kubwa ya kuwatangaza washairi na wachoraji. Tofauti ni kwamba Neogy hakutaka kutenga fasihi na siasa. Katika toleo moja msomaji aliweza kukuta shairi, kisha makala juu ya mfumo wa chama kimoja, kisha hadithi fupi, kisha uchambuzi wa katiba. Mmoja wa waandishi wa mwanzo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere aliyejulikana wakati huo kwa jina la James Ngugi, ambaye dunia ilimfahamu baadaye kuwa Ngũgĩ wa Thiong'o. Kutoka Nigeria alikuja Christopher Okigbo, mshairi ambaye utungo wake Limits ulichapishwa katika jarida hilo mwaka 1962, na ambaye baadaye alikuwa mhariri wake kwa upande wa Afrika Magharibi. Okigbo aliuawa mwaka 1967 akipigana upande wa Biafra.

Mwezi Juni 1962 waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza walikusanyika Makerere, katika mji alioishi Neogy. Walikuwepo Chinua Achebe, Wole Soyinka, Es'kia Mphahlele, Okigbo, na kijana Ngũgĩ. Mkutano ule uliupa ujirani wa Kampala hadhi ambayo haijawahi kuipata tena katika ulimwengu wa vitabu. Lakini jina lake lenyewe lilikuwa na mlango uliofungwa. Mwezi huohuo wa Juni 1962, Shaaban Robert alifariki dunia huko Tanganyika, akiwa ameacha mashairi, riwaya na insha ambazo hakuna mhudhuriaji wa Makerere aliyeweza kumzidi kwa wingi. Hata kama angekuwa mzima wa afya, asingekuwa na kiti katika mkutano ule, kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili.

Neogy alikuwa mhariri wa Kiingereza, na Transition lilikuwa jarida la Kiingereza kutoka jalada hadi jalada. Hata hivyo, ni yeye aliyeifungulia hoja hiyo ukurasa. Mwezi Septemba 1963, katika toleo la 10, alichapisha makala ya mhakiki wa Nigeria, Obiajunwa Wali, aliyedai kwamba fasihi ya Kiafrika inayoandikwa kwa lugha za Ulaya imeingia katika njia isiyo na pa kutokea, na kwamba wakati ujao wake uko katika lugha za Waafrika wenyewe. Kwa jarida lililoishi kwa Kiingereza, kuchapisha makala hiyo ilikuwa sawa na kumkaribisha mgeni aje alaumu nyumba. Mphahlele alijibu. Wengine wakajibu. Mwaka 1965, katika toleo la 18, Achebe alieleza kwa nini yeye ataendelea na Kiingereza, ila kwa kukikunja kiendane na mzigo wake. Zaidi ya miaka ishirini baada ya Wali kuandika, Ngũgĩ, ambaye tayari alikuwa ameligeukia Gikuyu, alimrejea katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986.

Hapa ndipo mkusanyaji anapopata faida ambayo msomaji wa kawaida wa vitabu haipati. Makala ya Achebe ilichapwa upya mara nyingi katika mikusanyo ya insha na inapatikana katika maktaba nyingi. Barua zilizopigana nayo hazikuchapwa upya. Mhariri anayeandaa kitabu cha insha huchagua sauti iliyoshinda au iliyopata jina, na kuacha kelele zilizoizunguka. Anayetaka kusikia kelele hizo hana budi kuwa na toleo lenyewe mkononi, karatasi yake iliyogeuka rangi, matangazo yake ya biashara, na kurasa za barua ambazo mara nyingine zilichukua nafasi kubwa kuliko makala iliyozizusha.

Kurasa hizo za barua zilikuwa fahari ya Neogy. Wahariri wengi huzitumia barua za wasomaji kujaza nafasi iliyobaki. Yeye alizitanguliza, akaziacha ndefu, akaziacha kali, na kumpa waziri na mwanafunzi nafasi ileile. Mabishano yaliweza kuendelea toleo baada ya toleo, mwaka mzima na zaidi. Mfano ulio maarufu ni wa mwaka 1966. Muda mfupi baada ya Kwame Nkrumah kupinduliwa nchini Ghana mwezi Februari, Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa aliyekuwa akifundisha Makerere, aliandika makala akimfananisha Nkrumah na mtu aliyetaka kuwa mwanamapinduzi wa mtindo wa Lenin na wakati huohuo mfalme wa mtindo wa Urusi ya zamani. Hasira ya wasomaji ilikuwa kubwa. Wengi walimwona Mazrui amemrukia mtu aliyekwisha anguka, na Neogy akazichapa lawama hizo kwa wingi. Mwaka uliofuata Mazrui alirudi na makala juu ya jinsi wasomi wa Magharibi walivyopumbazwa na Tanzania ya Mwalimu Nyerere. Mwaka huohuo wa 1967, mwandishi Mmarekani Paul Theroux, naye mwalimu wa Makerere, aliwashambulia wageni weupe walioishi Afrika Mashariki kwa kuwafananisha na Tarzan. Hakuna kundi lililosalimika, na hakuna kundi lililokosa nafasi ya kujibu.

Mwishoni mwa muongo ule jarida lilikuwa likichapishwa kwa nakala zinazokadiriwa kufikia 12,000, idadi ambayo majarida mengi ya fasihi duniani yangeionea wivu, na sehemu yake kubwa ilisomwa nje ya Uganda.

Fedha za kuendesha shughuli hiyo ndizo zilizomletea Neogy pigo la kwanza. Baada ya kuanza bila mfadhili mkubwa, alipata ruzuku kutoka Congress for Cultural Freedom, shirika lenye makao yake Paris, ambalo pia ndilo lililogharimia mkutano wa Makerere. Mwaka 1966 magazeti ya Marekani yalianza kufichua kwamba shirika hilo lilipokea fedha kwa siri kutoka Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, na mwaka 1967 jambo hilo likathibitishwa hadharani. Kwa mhariri aliyejenga jina lake juu ya uhuru wa fikra, hakuna habari iliyoweza kuwa chungu zaidi. Neogy alisema hakujua chanzo cha fedha hizo, na hakuliacha jambo hilo lizungumzwe pembeni. Aliruhusu mahojiano yaliyomhoji yeye mwenyewe juu ya CIA yachapwe katika Transition, katika toleo la 32.

Toleo hilohilo la 32 lilibeba mbegu ya balaa la pili. Ili kulielewa, yafaa kukumbuka hali ya Uganda wakati ule. Mwaka 1966 Waziri Mkuu Milton Obote aliisimamisha katiba ya uhuru, akajitwalia urais, na mwezi Mei jeshi likaivamia ikulu ya Kabaka wa Buganda huko Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili alikimbilia Uingereza. Buganda ikawekwa chini ya hali ya hatari. Mwaka 1967 serikali ilileta mapendekezo ya katiba mpya iliyofuta falme zote na kumpa rais mamlaka makubwa, yakiwemo ya kuwaweka watu kizuizini.

Abu Mayanja, mwanasheria na mbunge ambaye mwaka 1952 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kwanza cha kitaifa nchini, Uganda National Congress, aliandika katika Transition akiyachambua mapendekezo hayo kifungu kwa kifungu na kuonyesha hatari zake. Mayanja alikuwa mbunge wa upande wa serikali, jambo lililoyapa maneno yake uzito zaidi. Serikali haikupendezwa, lakini haikumgusa mtu. Ilijibu kwa kalamu. Msaidizi mmoja wa Obote, Picho Ali, aliandika katika jarida hilohilo akitetea mtazamo kwamba mahakama inapaswa kwenda sambamba na itikadi ya dola.

Huo ungeweza kuwa ushindi wa Neogy. Serikali ya kijeuri inayokubali kujibu makala kwa makala ni kitu adimu, na kwa miezi kadhaa mwaka 1968 hali ilionekana hivyo. Kisha Mayanja akamjibu Picho Ali kwa barua. Barua hiyo ilitoka katika toleo la 37. Ndani yake aligusia kuchelewa kwa serikali kuteua majaji Waganda katika Mahakama Kuu, na akataja uvumi uliokuwa ukizagaa kwamba sababu ya kuchelewa huko ni ya kikabila. Alisema hauamini uvumi huo. Kuutaja tu kulitosha.

Tarehe 18 Oktoba 1968 polisi waliwakamata Mayanja na Neogy. Mwandishi wa barua alishitakiwa kwa uchochezi, na mhariri akashitakiwa kwa kuichapa. Kesi ilisikilizwa Kampala, na mapema mwaka 1969 hakimu aliwaona hawana hatia. Furaha ilidumu dakika chache. Kabla hawajafika nyumbani walikamatwa tena, safari hii chini ya kanuni za hali ya hatari, ambazo hazikuhitaji mashtaka wala hakimu. Neogy alirudishwa Luzira na kuachiwa mwishoni mwa mwezi Machi 1969. Mayanja alibaki kizuizini hadi mwaka 1970.

Kuna jambo ambalo watu wa vitabu wa wakati ule hawakukosa kuliona. Neogy alipokuwa Luzira, Wole Soyinka naye alikuwa kifungoni nchini Nigeria, alikowekwa tangu mwaka 1967 bila kufikishwa mahakamani kwa sababu ya msimamo wake katika vita vya Biafra. Okigbo alikuwa kaburini. Miaka sita tu ilikuwa imepita tangu mkutano wa Makerere.

Neogy aliyetoka gerezani hakuwa yuleyule aliyeingia. Wale waliomfahamu walimwona mtu aliyevunjika ndani, na hali hiyo haikumwacha hadi mwisho wa maisha yake. Ofisi ilikuwa imefungwa, wachangiaji wametawanyika, na Uganda haikuwa tena mahali ambapo angeweza kuchapisha. Aliondoka. Mwaka 1972, Idi Amin, aliyekuwa amempindua Obote mwaka mmoja kabla, aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wamehama. Jamii aliyozaliwa ndani yake Neogy ikatoweka Kampala karibu yote, naye wakati huo alikuwa tayari mgeni katika nchi ya watu.

Alikokwenda ni Ghana. Huko Accra, katikati ya mwaka 1971, alilifufua jarida na kulipa namba 38. Angeweza kuanza upya na namba moja. Angeweza pia kuliita jina jingine, kwa kuwa nchi ilikuwa nyingine, wachapaji walikuwa wengine na wasomaji wengi walikuwa wapya. Hakufanya hivyo. Alichukua hesabu pale polisi walipoikatiza, kana kwamba toleo la 37 lilikuwa limetoka mwezi mmoja tu uliopita.

Kipindi cha Accra hakikuwa na moto wa Kampala. Matoleo yake ni mazuri, na baadhi ya wakusanyaji huyathamini, lakini ugomvi uliolipa jarida uhai wake ulitokana na mji mmoja wenye chuo kikuu kimoja, ambamo mshambuliaji na mshambuliwa waliweza kukutana barabarani kesho yake. Accra haikuwa hivyo kwa Neogy. Mwaka 1974 alimwachia Soyinka kiti cha uhariri. Soyinka alililekeza jarida zaidi upande wa mapambano ya ukombozi wa bara na kulishambulia bila kificho utawala wa Amin, kisha akalibadilisha jina kuwa Ch'indaba. Mwaka 1976, baada ya toleo la 50, fedha zilikwisha na jarida likasimama.

Neogy alihamia Marekani na kuishi San Francisco. Maisha yake ya huko yalikuwa ya kimya. Mtu aliyewahi kuwakutanisha kwa maandishi Mazrui na wapinzani wake, Achebe na Wali, Mayanja na watu wa Obote, hakuongoza tena jukwaa lolote la aina ile.

Jarida lenyewe lilipata uhai mpya kupitia mwanafunzi. Henry Louis Gates, Mmarekani mweusi aliyesoma Cambridge mwanzoni mwa miaka ya 1970, alifundishwa huko na Soyinka. Mwaka 1991, yeye pamoja na mwanafalsafa Kwame Anthony Appiah, mwenye asili ya Ghana, walilirudisha Transition, Soyinka akiwa mlezi wake. Walilirudishia jina lake la kwanza. Nao pia walikataa kuanza na namba moja. Toleo lao la kwanza likawa la 51.

Rajat Neogy alifariki dunia San Francisco tarehe 3 Desemba 1995, akiwa na umri wa miaka 56. Mwaka 1997 wahariri wapya walitoa toleo maradufu, la 75 na 76 kwa pamoja, lililochapa upya maandishi yaliyoteuliwa kutoka miaka ya 1961 hadi 1976. Kwa msomaji asiye na uwezo wa kutafuta nakala za asili, huo ndio mlango ulio rahisi zaidi. Siku hizi pia matoleo ya Kampala yamehifadhiwa katika hazina za kidijitali zinazotumiwa na vyuo vikuu, na mwanafunzi mwenye ruhusa ya kuingia anaweza kuyasoma yote bila kugusa karatasi.

Nakala za asili bado zinatafutwa. Thamani ya kila moja hufuata, kama ilivyo kwa majarida yote ya zamani, jina lililo kwenye orodha ya yaliyomo: palipo na Achebe, Ngũgĩ au Okigbo bei hupanda. Toleo la 37 linahesabiwa kwa njia nyingine. Anayelipata huruka makala za mbele na kwenda moja kwa moja kwenye kurasa za barua.